Barua Iliyosomwa Mara Mbili

Kila siku baada ya chakula cha mchana Mwanahija alikosha vyombo, akajitanda mtandio wake, akachukua kijiti chake cha chelewa na kukimbilia darasani. Wanafunzi wote walikuwa na vijiti kama hicho, vilivyochongwa kutokana na ukuti wa mnazi, vya kuonyeshea herufi wakati wa kusoma.

Darasa lilikuwa la Jumuiya ya Ihsani. Jumuiya hiyo ya Waislamu ilikuwa na matawi kuanzia Tanga hadi Kigoma, lakini hapa Bagamoyo ilikuwa na chumba kimoja cha mawe, mikeka sita na Mwalimu Ashatu. Watu wake waliwatazama wagonjwa, waliwazika maiti wasio na jamaa, na waliwafundisha wasichana Kurani pamoja na kusoma na kuandika.

Mwanahija alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na sikio lake lilikuwa la ajabu. Akisikia sura mara mbili, ameishika. Basi wenzake walipohangaika na alifu, bee, tee, yeye hakuona haja ya kujisumbua. Aliufungua msahafu, akasoma kwa sauti tamu huku akikipitisha kijiti chini ya mistari. Mdomo ulikuwa ukienda Makka, kijiti kinakwenda Mapinga. Hakuna aliyegundua. Hata Mwalimu Ashatu alimchagua asome Jumamosi, mbele ya wageni wa Jumuiya kutoka Dar es Salaam. Bibi yake, Bi Mardhiya, aliutangazia mtaa mzima.

Jumatatu ya wiki hiyo ikaja barua.

Bi Mardhiya aliipokea kwa mikono miwili. Mwanawe Sadallah, ambaye ndiye baba yake Mwanahija, alikuwa amegombana naye, akahamia Dar es Salaam na mkewe bila kuaga. Mwanahija aliachwa kwa bibi yake. Sasa ulikuwa umepita mwaka na nusu bila ya neno.

"Soma, mjukuu wangu," alisema Bibi. "Taratibu, usinimezee hata neno moja."

Mwanahija akaikunjua karatasi. Ilikuwa ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na katika herufi zote aliitambua alifu tu, kwa kuwa imesimama wima. Angeweza kusema, "Bibi, sijui." Lakini akawakumbuka wale wageni, akaukumbuka na mtaa. Tena barua za pwani huanza namna moja, naye alikwisha kuzisikia nyingi zikisomwa barazani.

"Kwa mama yangu mpenzi, Mardhiya binti Kombo," akaanza, bila kusita. "Salamu nyingi kama mchanga wa pwani. Sisi huku hatujambo, hofu yetu ni kwenu. Nisalimie Bi Chausiku, nisalimie Mzee Mwinyimvua, nisalimie jirani yetu Tatu. Wasalaamu."

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo, Bibi."

Bi Mardhiya aliifunga barua ile katika pindo la kanga yake. "Mwaka na nusu," alisema, "halafu salamu tupu." Siku hiyo hakula. Mwanahija alimwona, naye akalirudisha tonge lake sahanini.

Jumatano, wakati akikuna nazi, Bibi alilifungua tena lile pindo. "Nisomee mara nyingine. Huenda jambo limenipita."

Mwanahija akasoma. Mchanga wa pwani ulikuwepo, na hofu ilikuwepo. "Nisalimie Tatu, nisalimie Bi Chausiku. Wasalaamu."

Bibi akaacha kukuna. "Juzi Chausiku alitangulia, leo Tatu kampita. Na Mwinyimvua je? Juzi alisalimiwa, leo amehama mji?" Akamtazama mjukuu wake sana. "Mimi sikusoma, mwanangu, lakini masikio yangu hayana kasoro."

Mwanahija akaangua kilio. "Nisamehe, Bibi. Sijui kusoma. Nimeyatunga yote."

Bi Mardhiya hakumpiga wala hakumfokea. Alinawa mikono, akamshika mkono, wakaenda darasani.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Mwanahija kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Mbona macho mekundu?"

Bibi alimpa barua. Mwalimu Ashatu akasoma kwa sauti:

"Mama yangu, nilihama bila kukuaga, na tangu siku ile sina raha. Juzi Ijumaa Mwenyezi Mungu ametujaalia mtoto wa kike. Akika yake ni Alhamisi, na jina tumekuachia wewe. Ukija na Mwanahija, nitajua umenipa radhi zako. Usipokuja, nitajua kwamba bado, wala sitakulaumu."

"Alhamisi ni kesho," alisema Mwalimu.

Bi Mardhiya aliketi mkekani, katikati ya watoto wa alifu. "Mwanangu ananiomba radhi," alisema huku machozi yakimtoka, "nami nimekaa nakuna nazi!"

Mwanahija alitamani ardhi ipasuke. Akapiga magoti mbele ya mwalimu wake. "Mwalimu, sijui kusoma, nashika kwa sikio tu. Jumamosi asome mwenzangu Mina. Mimi nirudishe kwa watoto wa alifu."

Mwalimu Ashatu alimshika bega. "Na mimi nina kosa," alisema. "Niliisikiliza sauti, sikukiangalia kijiti chako. Haya, nyanyuka."

Akatumwa mtu kuomba usafiri kwa mkubwa wa tawi la Jumuiya, ambaye si mwingine ila yule yule Mzee Mwinyimvua. Mzee alikwenda mwenyewe kwa dereva wa lori la nazi, akarudi na nafasi mbili za alfajiri.

"Umeona?" Bibi alimnong'oneza Mwanahija. "Na wewe ulimnyima salamu!"

Walifika Dar es Salaam mbuzi wa akika yuko jikoni bado. Sadallah alimwona mama yake mlangoni, akamkimbilia. Aliinama akaushika mkono wake, akaubusu, akalia kama mtoto. Bi Mardhiya akamwinua, kisha akampakata mtoto na kumwita Mwanajuma, kwa kuwa alizaliwa Ijumaa.

Jumamosi Mina alisoma mbele ya wageni, tena alisoma vizuri. Mwanahija alikaa nyuma na watoto wa miaka sita, magoti yamemfika kidevuni. Iliuma, lakini Jumatatu alirudi palepale, akaanza na alifu.

Baada ya miezi mitano ikaja barua nyingine. Mwanahija aliisoma kwa kijiti, neno baada ya neno. Alikwama, akarudi nyuma, akaendelea. Mwanajuma, barua ilisema, ameota meno mawili.

"Rudia," alisema Bibi.

Akarudia. Kila neno lilikuwa mahali pake, na salamu zilifuatana vilevile.

Bi Mardhiya akacheka. "Leo hakuhama mtu! Sikiliza, mjukuu wangu. Kutojua si aibu. Mimi nimeishi nako miaka sitini. Asiyejua huuliza, akaambiwa. Anayejifanya anajua haambiwi na mtu, na wanaomwamini hupotea pamoja naye."

Kisha akamnyang'anya kile kijiti, akakiweka juu ya karatasi.

"Hebu niambie, huyu aliyesimama wima ndiye nani?"

"Alifu, Bibi."

"Alifu," akasema Bi Mardhiya. "Na anayemfuata?"