Mchanga Chini ya Nyasi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Jandira alimpeleka mdogo wake Nando chekechea. Wakati huo mama yao alikuwa ameshaondoka kwenda kukanda unga kwenye duka la mikate, kwa hiyo Jandira ndiye aliyemkatia Nando kipande cha kuskusi, mkate wa unga wa mahindi uliopikwa kwa mvuke, akampa kahawa ya maziwa, akamfuta pua na kumshika mkono. Jandira alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kazi hiyo aliifanya huku akinung'unika, kwa sababu Nando alitembea polepole na kusimama kwa kila mbwa waliyekutana naye.

Uwanja wa chekechea ulikuwa wa udongo wa mfinyanzi mtupu. Mvua ikinyesha uligeuka dimbwi. Jua likiwaka ulikuwa mgumu kama sakafu ya saruji, umejaa nyufa. Hakuna mtoto wa pale aliyekuwa na magoti mazima. Nando mwenyewe alikuwa na kidonda kilichobanduka kila kilipotaka kupona.

Wazazi wa mtaa waliomba nyasi kwa muda mrefu, mpaka wakakata tamaa. Mwaka huo, Krismasi ikikaribia, halmashauri ya mji ilikubali kuleta lori moja la nyasi zilizokatwa vipande vya mraba, tayari kwa kutandazwa. Lori moja tu, na baada ya hapo wasiombe tena.

Mwenyekiti wa wazazi alikuwa Dona Zulmira, yaani Bi Zulmira, mtaalamu wa kilimo, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyofika mbali. Alikuja darasani kwa akina Jandira na makopo mawili yaliyotobolewa chini. Moja alilijaza udongo wa uwanjani. La pili alilijaza udongo uleule, lakini ameuchanganya na mchanga wa mtoni. Kisha akamimina maji kwenye yote mawili.

"Mnaona? Hili la kwanza maji yamekaa juu tu. Nyasi zikiwekwa hapa, mizizi inaoza. Hili la pili maji yanashuka, mizizi inapumua. Kwa hiyo chini ya nyasi zetu lazima tuweke mchanga. Nani kwao wana mkokoteni?"

"Jandira!" darasa zima likapiga kelele. "Mjomba wake ana punda!"

"Punda mwenyewe mvivu!" akasema mvulana mmoja nyuma.

"Kafanana na Jandira!" mwingine akaongeza, na wote wakacheka. Jandira naye akacheka, maana siku hiyo hakuwa na la kuficha.

"Basi Jandira na Lindalva mtaleta mchanga," akasema Dona Zulmira. "Ila nisikilizeni vizuri. Nataka wa mtoni, kule kwenye kona yenye mawe. Una chembe kubwa, rangi ya kahawia. Wa pwani sitaki hata kiganja kimoja. Una chumvi. Mmenisikia?"

"Tumesikia, Dona Zulmira."

Jumamosi, watu wazima walitifua udongo wa uwanja kwa majembe, wakarudi makwao kupumzika. Kazi ya kuleta na kutandaza mchanga ilibaki kwa Jandira na rafiki yake Lindalva. Njia ya mtoni ilipanda kilima na ilikuwa ya mawe. Punda aligoma mara kwa mara, ikabidi Lindalva amvute huku Jandira akisukuma. Waliporudi na mzigo wa kwanza, jua lilikuwa limeshapita utosini.

"Shoga, tukienda tena huko hatuwahi mazoezi," Lindalva akasema, akijifuta jasho kwa kanga ya mabegani.

Mwaka huo Jandira ndiye aliyechaguliwa kubeba bendera katika ngoma ya Wafalme Watatu, ile ambayo wasichana wa mtaa huicheza nyumba kwa nyumba baada ya Krismasi. Alikuwa ameitamani bendera hiyo tangu akiwa mdogo kuliko Nando. Na mwalimu wa ngoma alikuwa ameshasema kwamba atakayechelewa mazoezi, nafasi yake anapewa mwingine.

Jandira akatazama upande wa pili. Pwani ilikuwa pale pale, nyuma ya nyumba, na mchanga wake ulimeta kwa weupe. Kila Krismasi, watu wa mtaa huo waliuchota na kuutandaza mlangoni na sebuleni, wakamwaga majani ya mti wa mpitanga juu yake, nyumba nzima ikanukia. Tangu azaliwe hakuwahi kumsikia mtu akiusema vibaya mchanga huo nyumbani kwake.

"Mchanga ni mchanga," akasema. "Tena huu msafi zaidi. Kama unafaa kwa Mtoto Yesu, utashindwa kufaa kwa nyasi?"

"Na Dona Zulmira je?"

"Tunaumwaga huu kwanza. Ule wa mtoni tunautandaza juu."

Lindalva alisitasita, lakini naye alitaka kuwahi. Wakachota pwani, mzigo baada ya mzigo, wakaumwaga na kuusawazisha kwa reki. Halafu wakautandaza ule wa mtoni juu yake, tabaka jembamba, mpaka weupe wote ukafichika.

Jioni Dona Zulmira alipita kukagua. Aliinama, akachukua mchanga kidogo, akausugua kati ya vidole.

"Wote wa mtoni?"

"Wote, Dona Zulmira," Jandira akajibu bila kupepesa macho.

"Hongereni, wanangu. Ile njia naijua. Si mchezo."

Jandira alihisi uso ukipata moto, lakini hali hiyo ikapita. Alikuwa ameshashika bendera mazoezini, na kila mtu alisema imempendeza.

Siku iliyofuata lori lilifika. Mtaa mzima ulitoka. Wanawake walipika maharage kwa nyama kwenye sufuria kubwa, wanaume walitandaza vipande vya nyasi, watoto wakavipokezana kwa mstari huku wakiimba. Uwanja uligeuka kijani mbele ya macho yao. Ili mizizi ishike, hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga, na mlinzi wa chekechea, Seu Anselmo, yaani Bwana Anselmo, akauzungushia kamba. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kumwagilia.

"Leo tunaingia?" Nando aliuliza kila asubuhi, amesimama nje ya kamba.

"Bado, bwana mkubwa," Seu Anselmo alimjibu. "Zinajifunza kusimama. Na wewe hukujifunza siku moja."

Lakini nyasi hazikusimama. Kwanza ncha zilianza kuwa njano. Kisha yakatokea mabaka ya rangi ya majani makavu, yakapanuka, yakakutana. Seu Anselmo alimwagilia alfajiri, akamwagilia tena jioni. Kadiri alivyomwagilia ndivyo zilivyozidi kufa.

Maneno yakaanza mtaani. "Anasinzia kwenye kiti yule." "Maji anayamwaga pale pale alipokaa." "Mzee amechoka, atafutwe kijana." Jandira aliyasikia dukani, aliyasikia kisimani, na kila alipoyasikia alitamani ardhi ipasuke immeze.

Asubuhi moja alimkuta Seu Anselmo amepiga magoti, anazipapasa nyasi kwa mikono yenye malengelenge.

"Njoo, binti yangu," akamwita. "Wewe una macho mazuri. Hebu niangalizie, udongo umelowa au haujalowa? Maana watu wamesema mpaka na mimi naanza kujitilia shaka."

"Umelowa, Seu Anselmo," Jandira akasema kwa sauti ndogo.

"Ahsante. Basi sijapoteza akili." Akachomoa mfukoni mkate wa muhogo wenye nazi, uliofungwa kwenye karatasi. "Shika, mgawane na mdogo wako. Umekonda siku hizi."

Mkate ule Jandira hakuweza kuumeza. Alimpa Nando wote. Njiani kwenda shule alimwambia Lindalva kwamba yeye anataka kusema.

"Umerukwa na akili?" Lindalva akamshika mkono. "Bendera watakunyang'anya. Na mimi nitatajwa! Nyamaza, shoga. Yule mzee watamsahau tu."

Jandira akanyamaza. Alijichukia kwa kunyamaza, lakini alinyamaza. Mazoezini alikosea hatua, na mwalimu wa ngoma alimuuliza kama anaumwa.

Wazazi waliitisha mkutano katika chumba cha chekechea, alasiri. Jandira alikuja kumchukua Nando, akakuta mlango uko wazi. Mama yake alikuwa ndani, nguo zimejaa unga. Dona Eunice, ambaye mtoto wake alikuwa darasa moja na Nando, alikuwa amesimama.

"Mimi sina ugomvi na mzee, lakini lori halitarudi. Tumeomba miaka, tumepewa, na yeye ameziua nyasi kwa usingizi. Nasema tumpe mtu mwingine kazi."

Wengi wakaitikia. Seu Anselmo akasimama, kofia mkononi. Jandira alitarajia atafoka. Alitamani afoke.

"Nimemwagilia," mzee akasema. Kisha akainamisha kichwa. "Nadhani nimemwagilia. Lakini mkiwa wengi hivi mnasema sikumwagilia, labda nasahau. Labda nimezeeka kuliko ninavyojijua."

Jandira alimwachia Nando mkono.

"Alimwagilia!" akapaza sauti. "Kila siku alimwagilia! Ni mchanga. Ni mimi. Niliweka wa pwani."

Mama yake akaziba mdomo kwa mkono uliojaa unga. Dona Zulmira alichukua jembe lililoegemezwa ukutani, akatoka, na watu wote wakamfuata. Akanyanyua kipande kimoja cha nyasi, akakwangua ule mchanga wa kahawia, na chini yake mchanga mweupe ukajitokeza. Akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Chumvi tupu," akasema. "Chini kuna udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo haina pa kwenda. Jua likikausha maji, inapanda juu kwenye mizizi. Mzee angemwagilia mpaka mwakani, zingekufa tu." Akamgeukia Jandira. "Nilikuuliza, ukaniambia wote wa mtoni. Na mimi kosa langu ni kwamba nilishika wa juu tu, nikakuamini."

Jandira alisimama mbele ya mtaa mzima, na hakukuwa na mahali pa kuuweka uso wake. Lindalva hakusogea karibu. Dona Eunice alikuwa anatazama viatu vyake.

"Seu Anselmo, nisamehe," Jandira akasema huku akilia.

"Ulipita hapa kila asubuhi," mzee akasema taratibu. "Ukanisalimia. Ulikuwa unajua, na ukanisalimia." Akavaa kofia yake akaondoka. Maneno hayo yalimuuma Jandira kuliko kofi.

Kazi ilianza upya. Dona Zulmira alionyesha namna ya kunyanyua nyasi zilizobaki na uhai na kuziweka kivulini kwenye magunia yaliyolowa. Mchanga mweupe ukaondolewa wote na kurudishwa pwani, udongo ukasuuzwa kwa maji mengi, ukatifuliwa tena. Jandira na punda wa mjomba walipanda kilima na kushuka, wakapanda na kushuka. Hakuna aliyemwambia aache ngoma. Ni yeye aliyekwenda kwa mwalimu kurudisha bendera, kwa sababu saa za mazoezi zilikuwa saa za mtoni, naye hakutaka tena kupunguza mzigo hata mmoja. Siku ya pili Lindalva alimkuta njiani, akashika hatamu ya punda, wakaendelea pamoja.

Kila mzigo ulipofika, Dona Zulmira aliuchimba mpaka chini kabisa kabla ya kuukubali. Jandira alisimama pembeni akisubiri, kichwa kimeinama. Alijua ni haki yake kukaguliwa.

Krismasi ilipita uwanja ukiwa na viraka. Nyasi zilikuwa haba, zikapandwa kwa kuachiana nafasi. Lakini safari hii zilishika. Zilitambaa, zikatoa vichipukizi, zikashikana, na siku moja Dona Zulmira akasema kamba iondolewe. Watoto waliingia peku wakipiga mayowe. Nando alianguka kifudifudi makusudi, akainuka, akaanguka tena.

Jandira alibaki nje ya uwanja. Dona Zulmira akaja kusimama karibu naye.

"Kosa la mchanga, mwanangu, ungelisema jioni ile ile, tungeufukua mchanga asubuhi na kucheka," akasema. "Ulipolifunika, lilimwangukia mtu asiyehusika. Ndivyo uongo ulivyo. Unadhani umejificha wewe, kumbe umemtoa mwenzako alipe. Ukikosea, sema mapema, kabla hajalipa mwingine."

"Nimeelewa, Dona Zulmira."

Ng'ambo ya uwanja, Dona Eunice alikuwa anamletea Seu Anselmo sahani ya chakula kwa mikono miwili. Mzee akaipokea, akaiweka kando, akaanza kuvuta bomba la maji lililojikunja. Kisha akamtazama Jandira, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkutano.

"Wewe! Umesimama hapo kama nguzo. Njoo ushike huku."

Jandira alikimbia kwa kuzunguka pembeni, asizikanyage nyasi, akashika bomba.

"Mimi sijasahau," Seu Anselmo akasema, macho yake yakiwa kwenye maji. "Nitasahau, lakini bado. Kesho uje mapema tumwagilie. Na ukifika, nisalimie."

Kesho yake, Jandira alifika kabla ya mtu yeyote. Alimwona mzee akija na ufunguo mkononi, akasimama wima na kumtazama usoni.

"Habari za asubuhi, Seu Anselmo."

"Nzuri, binti yangu," mzee akajibu, akamfungulia geti.