Mjane Kwenye Mdomo wa Kisima

"Shemeji, uko wapi?"

"Saluni, nasuka. Mbona unahema hivyo?"

"Kaa chini kwanza."

"Sikai. Sema."

"Kisima kimebomoka. Mwenzangu yuko ndani."

Msusi alikata simu, kitana kikamponyoka. Akamwacha mteja na kichwa nusu, akatoka mbio na ndala zake. Mchimbaji aliyefukiwa alikuwa mchumba wake, na ndoa ilikuwa Jumamosi. Asubuhi ile ile walikuwa wameandikiana:

"Mvua imenyesha usiku kucha. Leo usishuke."

"Nashuka kutoa vifaa tu. Acha kununa, nataka bibi harusi anayecheka."

Kisima kilikuwa nyuma ya zahanati mpya. Alikuta waokoaji wameshazamisha bomba kwenye kifusi ili hewa ipite, na pembeni wanachimba shimo la pili. Mama wa mchimbaji alikuwa amekaa juu ya ubao, macho makavu.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. "Umefuata nini hapa? Ulimzika mume wako wa kwanza. Na mwanangu unataka umzike?"

Watu waliangalia chini. Maneno hayo hayo msusi alikuwa akijiambia njia nzima.

Mkuu wa waokoaji akainua mkono. "Kimya. Zimeni mashine, zimeni simu."

Akagonga bomba kwa nyundo, akatega sikio. Hata waliokuwa wakilia walijiziba midomo.

"Hakuna kitu," akasema. "Endeleeni kuchimba."

Mama akamgeukia msusi. "Ondoka. Labda ukiondoka Mungu atasikia."

Msusi akaondoka, akaenda kuegemea ukuta wa zahanati. Alitaka kuomba, maneno yakagoma. Mume wake wa kwanza alipougua aliomba mpaka sauti ikakauka, na bado alikufa. Leo aanzie wapi?

"Yesu, naogopa," akanong'ona. "Sijui utafanya nini. Hata ukinyamaza, sina pengine pa kwenda. Nishike."

Hakujibiwa. Hofu ilibaki pale pale. Lakini miguu yake iligeuka, ikarudi kisimani.

"Mama, siondoki."

"Huna haya?"

"Ninayo. Na hofu ninayo, tena kubwa. Lakini kifo hakinitii mimi, mama. Kingekuwa kinanitii, yule wa kwanza angekuwa hai. Niliomba akafa, na Mungu hakuniacha. Sasa namwomba tena. Kama ni kulia, tulie pamoja."

Mama akasogea kwenye ule ubao, akaacha nafasi.

"Mimi nimeshindwa kuomba tangu asubuhi," akasema chini chini. "Naogopa atanijibu hapana."

"Basi tukae tu, mama. Anajua tumekaa."

Wakakaa. Bomba liligongwa tena, kimya, sepetu zikaendelea. Likagongwa tena, kimya. Alasiri mkuu alivua kofia yake, na msusi alipouona uso wake alitamani asingeuona.

"Udongo umeanza kuteleza tena," akasema mkuu. "Ukizidi, itabidi niwatoe watu wangu. Nyamazeni nisikilize."

Akagonga. Akainama mpaka shavu likagusa bomba. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Mtu asisogee," akasema taratibu. "Kuna anayegonga."

Hakuna aliyeshangilia. Waliogopa hata kukohoa. Mama alimkamata msusi mkono mpaka kucha zikaingia kwenye ngozi.

Walimtoa jioni, mguu umevunjika, uso wote tope. Msusi akampangusa mdomo kwa ncha ya kitambaa chake.

"Uliogopa?"

"Sana. Mlipokuwa mnachimba nilikuwa nagonga ukuta tu, najua hamnisikii, mpaka mkono ulipolifikia bomba. Kila mliponyamaza ndipo nilipopata moyo."

"Kwa nini?"

"Nilijua mnanisikiliza."

Msusi alilia mpaka machela ikapakiwa kwenye gari.

Hospitali, muuguzi aliwazuia mlangoni. "Aingie mmoja tu. Ndugu wa karibu ni nani?"

Mama, aliyekuwa mbele, akarudi nyuma. "Aingie mkewe."

"Bado hatujafunga ndoa, mama," msusi akamnong'oneza.

"Jumamosi mchungaji atawafungisha humu humu wodini. Pita, mwanangu." Akamshika bega. "Na yale niliyokwambia kisimani, nisamehe. Hofu ilinipanda kichwani."

"Hata mimi ilinipanda, mama. Yameisha."

Jumamosi ilipofika, bwana harusi alikuwa kitandani, mguu kwenye plasta. Mchungaji alipotaka kufungua kwa sala, mama mkwe akamwomba amwachie yeye. Akasimama kati ya wanawe wawili, akaomba kwa sauti, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaitikia amina.