Onésphore na Siku ya Posa

Onésphore alikuwa fundi cherehani karibu na soko la Gisenyi. Lakini watu walimjua zaidi kwa mdomo wake. Familia ikienda kuposa, ilimtaka yeye awe msemaji. Alijua kubembeleza na kutania mpaka wazee wakali wakacheka.

Safari hii ilikuwa zamu ya nyumba yake. Muhire, mtoto wa kaka yake, alikuwa anamposa Uwimbabazi, binti kutoka eneo la Kanama. Zilibaki wiki nne kabla ya siku ya posa.

Ndipo Onésphore akashikwa na nimonia. Alilazwa siku tano. Homa ilishuka, akarudi nyumbani na vidonge vya kumalizia. Lakini kikohozi hakikumwacha. Koo lilimkwaruza, na kifua kilimuuma kila alipokohoa.

Mukandayisenga, mke wake, alimhurumia sana. Alifunga madirisha yote, akaweka jiko la mkaa karibu na kitanda.

"Lala tu, Papa Ineza. Baridi ni mbaya."

Onésphore alilala. Akakohoa zaidi. Siku ya tatu alisema kwa sauti nyembamba, "Sauti yangu imekufa. Muambie jirani Sebahire atusemee."

"Sebahire? Ule mutu anasinziaka kwa sherehe? Atamuposea Muhire nyanya mzee wa bibi harusi!"

Onésphore alicheka, kisha akashika kifua kwa maumivu. Mukandayisenga akaona bora amwite Nyirasafari, mhudumu wa afya wa mtaa wao.

Nyirasafari alifika, hata salamu hakutoa.

"Mama Ineza, toa hii jiko inje! Fungua dirisha!"

Jiko lilipotoka, akaketi. "Mkaa kwa nyumba yenye imefungwa inaweza kuua watu wakiwa wamelala. Na moshi inasumbua mapafu yenye haijapona. Bon, dawa unakunywa?"

Onésphore aliangalia ukuta. "Niliacha jana. Homa iliisha."

"Homa iliisha, donc ugonjwa iliisha? Hapana! Unamaliza siku zote zenye daktari aliandika."

Akapiga simu kituo cha afya. Muuguzi akasema aendelee na dawa leo hiyo hiyo, kwa kipimo kile kile, asimeze mara mbili kufidia vile alivyoruka.

"Sasa niambie ukweli," Nyirasafari akaendelea. "Homa imerudi? Unatema damu? Unakosa pumzi ukiwa umekaa tu? Kifua inazidi kuuma?"

"Hapana. Inauma nikikohoa, lakini si kama kwanza."

"Basi unapona. Kikohozi inaweza kubaki wiki kadhaa. Ukiona moja ya zile nimetaja, usingoje mi nikuje. Kimbia kwa kituo."

Onésphore alihisi mzigo ukishuka mabegani. Kumbe alikuwa anapona! Na yeye alijiona anakufa.

Nyirasafari akamwonyesha la kufanya. Anywe maji ya uvuguvugu mara kwa mara. Chai ya tangawizi na kijiko cha asali ingelainisha koo. "Ila mtoto wa chini ya mwaka mmoja, asali usimupe kabisa," alimwambia Mukandayisenga. Asukutue koo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kisha ateme. Alale kichwa na mgongo vikiwa juu kidogo. Akitaka kukohoa, akumbatie mto kifuani, maumivu yatapungua. Na kila saa chache avute pumzi ndefu, polepole, mara chache.

"Na usilale mchana kutwa. Tembea kidogo, pumzika, tembea tena."

Siku ya kwanza Onésphore aliishia kwenye geti la jirani. Baada ya wiki mbili alifika ziwani na mkewe, wakakaa ufukweni, wakala mahindi ya kuchoma. Alilala vizuri. Koo lililainika.

Siku ya posa ikafika. Onésphore bado alikohoa kidogo, na hakutaka kulazimisha sauti. Alizungumza ameketi, kikombe cha maji ya uvuguvugu mkononi.

Msemaji wa upande wa Uwimbabazi alikuwa amejiandaa kwa saa mbili za ubishi wa utani, kama ilivyo desturi. "Onésphore, tunajua mudomo yako. Anza!"

"Wazee wangu, leo pumzi yangu ni kidogo. Nimekuja na neno moja tu la maana. Tunamupenda Uwimbabazi. Mutupatie."

Yule msemaji akaangua kicheko. "Mungu wangu! Sasa mi nitabishana na nini? Mumuchukue!"

Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Onésphore alicheka mpaka machozi yakamtoka. Na siku hiyo, wageni walikula chakula kikiwa bado cha moto.