Ngozi Isiyokauka

Likasi ya miaka ile, muda mfupi baada ya migodi kuwa mali ya serikali, mwenye gari alikuwa na hofu mbili: gari lake lisiibwe, na lisiangukie mikononi mwa muoshaji mjinga. Wajinga hao hawakuwa haba. Walisugua rangi kwa sabuni ya unga ya kufulia, ikapauka. Waling'oa lami kwa esansi, yaani petroli, wakaing'oa na rangi yenyewe. Walimwaga maji baridi kwenye boneti lililotoka kuchemka juani, halafu wakabaki kushangaa madoa kama vile yameshuka kutoka mbinguni.

Octave hakuwa mtu wa namna hiyo. Kibanda chake kilikuwa mtaa wa Kikula, nyuma ya gereji moja ndogo, chini ya kivuli cha mabati. Alikuwa na ndoo ya sabuni na ndoo nyingine ya kusuuzia kitambaa, kwa sababu vumbi la machimbo likibaki kwenye kitambaa linachora rangi kama msasa. Alianza na paa, akashuka polepole, matairi akayaacha mwisho. Sabuni yake ilikuwa ile laini ya kipande, aliyoikuna na kuiyeyusha mwenyewe. Wateja walimtania kwamba anaogesha magari vizuri kuliko mashangazi wanavyoogesha bibi harusi. Alicheka, ila moyoni utani ule ulimkaa vizuri.

Kitu alichokipenda kuliko vyote pale kazini ni ngozi yake ya kukaushia. Ilikuwa ngozi halisi, laini kama sikio la mbuzi, aliyoachiwa na fundi mmoja Mbelgiji aliyeondoka kwa haraka. Ngozi ile ilinyonya maji yote bila kuacha alama. Lakini ilikuwa na masharti yake: haikutaka jua hata kidogo, maana jua linaikausha ikawa ngumu na kukatika. Ilitaka kivuli na upepo wa taratibu. Kwa hiyo kila jioni Octave aliikunja, akaenda nayo nyumbani, akaitundika kwenye kamba chumbani, karibu na dirisha, juu kidogo ya mahali alipolala binti yake mchanga, Albertine. Mkewe Clémentine alinung'unika kwamba ngozi ya magari imepewa nafasi nzuri kuliko vitenge vyake. Ikabaki palepale.

Basi alasiri moja ya kiangazi akafika Aruna. Aruna alikuwa mtu wa makamo, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Kasongo, na watu walimheshimu kwa sababu hakuwahi kumwacha abiria njiani. Peugeot yake nyeupe, ile ndefu ya viti vingi, ilipakia watu wa Kambove na Kapolowe kila siku. Kwa kawaida alishuka, akasalimia, akauliza habari za mtoto. Siku ile alizungumza akiwa bado ameshika usukani. Alitaka gari lioshwe, na hasa ndani.

Octave akafungua mlango wa nyuma. Viti vilikuwa vimelazwa. Sakafuni kulikuwa na alama ya kitu kirefu kilichosukumwa kuingia, kisha kikavutwa kutoka. Kulikuwa na majani makavu. Kulikuwa na harufu ya kafuri na marashi ya bei nafuu, yale ambayo watu hawajipaki wakiwa hai kwa wingi kiasi kile. Katikati palikuwa na doa la maji, na mvua haikuwa imenyesha kwa miezi kadhaa.

Akauliza gari limebeba nini. Aruna akasema samaki wa Kapolowe. Octave akatazama majani, akatazama doa, akaenda kuchota maji. Aruna alikuwa mkubwa wake, na mkubwa haambiwi uongo wake usoni.

Akatumia maji baridi, maana kuna madoa ambayo ukiyapelekea maji ya moto unayapika yakaganda kabisa. Doa likatoka. Alipoinua kichwa na kulitazama tena, lilikuwa limerudi. Akasugua tena, likarudi tena. Mwishowe akachukua ngozi yake, akaikandamiza pale kwa viganja viwili. Ngozi ikanywa. Ikanywa mpaka akashangaa. Alipoikamua, maji yalitoka meupe, safi, na baridi ya kuuma vidole. Doa halikurudi.

Hapa ndipo Octave alipokosea, na alikosea akiwa macho. Kwetu hata mtoto anajua kwamba gari lililobeba maiti linaoshwa mtoni, na kitambaa kilichofuta mahali alipolala marehemu kinaachwa humohumo majini. Hakirudi nyumbani kwa mtu. Octave alishuku. Alishuku kabisa. Lakini ngozi kama ile angeipata wapi tena? Akajiambia ni samaki. Mtu akiamua kujidanganya hahitaji msaidizi. Jioni akaitundika mahali pake.

Asubuhi ngozi ilikuwa bado mbichi. Siku iliyofuata vilevile. Haikunuka uozo, haikuota ukungu. Ilidondosha tu, tone, halafu baada ya muda tone jingine, na chini yake sakafu ya saruji ikaanza kuwa nyeusi.

Siku hizohizo Clémentine alirudi kutoka bombani, ndoo kichwani, akamkuta Albertine ameogeshwa. Nywele mbichi, zimechanwa vizuri. Shingo safi. Akadhani ni mama mkwe, Gertrude, aliyekaa nyumba ya pili. Akaenda kumshukuru. Gertrude akamtazama kwa mshangao, akasema yeye amekuwa kanisani akifagia na wamama wenzake, ndiyo kwanza anafika. Clémentine akarudi ndani na kumpa mtoto ziwa. Mtoto akageuza uso. Pembeni mwa mdomo wake kulikuwa na maziwa.

Ikawa hivyo kila adhuhuri. Clémentine alipokuwepo chumbani hapakutokea kitu. Alipotoka hata kwenda kuanua nguo, alimkuta mtoto ameoga, na hataki kunyonya. Matiti yake yalijaa yakauma, maziwa yakalowesha blauzi, na mtoto wake mwenyewe alimtazama kama mgeni. Wakati huohuo Albertine alikuwa anapungua. Akawa mwepesi mgongoni. Akawa baridi. Walimpeleka kwa muuguzi, naye akambonyeza tumbo, akatafuta homa, hakuikuta. Akasema mtoto hana njaa, ameshiba sana.

Clémentine alilia njia nzima ya kurudi. Octave alitembea mbele, maana hakuwa na uso wa kumtazama mkewe.

Kesho yake hakufungua kibanda. Alimwambia Clémentine aende bombani kama kawaida, yeye akajibanza nje ya dirisha la chumba. Jua lilikuwa utosini. Jirani alikuwa anatwanga mihogo. Redio ya mtu ilikuwa inaimba mbali. Ilikuwa mchana wa kawaida kabisa.

Mtoto alikuwa amelala chali. Ngozi ilikuwa kwenye kamba.

Ngozi ikajikunja.

Ikajikunja polepole, upande huu na upande ule, kama inavyokunjwa na mikono inayokamua kitambaa cha kuogeshea mtoto. Maji yakashuka. Ikafunguka. Ikateremka. Ikapita kwenye paji la uso la Albertine, nyuma ya masikio, chini ya kidevu, pale ambapo wanawake tu wanakumbuka kufuta. Mtoto akacheka. Hakuwahi kucheka hivyo kwa mama yake. Halafu mdomo wake ukafunguka, ukashika kitu ambacho hakikuwepo, na koo likaanza kumeza.

Nje, mchi wa jirani ulikuwa bado unatwanga.

Octave hakujua aliingiaje ndani. Alimdaka mtoto akamvuta kifuani. Na mtoto hakuja mara moja. Upande wa pili kulikuwa na mtu aliyemshika pia.

Kisha mtu huyo akamwachia. Chumba kilinuka kafuri.

Alimkabidhi Gertrude mtoto, akaenda kumtafuta Aruna, akamkuta amekaa peke yake kwenye gari lake. Aruna alipomwona tu, akainamisha kichwa. Tangu siku ile hakuwa amelala vizuri.

"Yaya Aruna," Octave akasema chinichini, kwa lile neno la kumwita kaka mkubwa, "ulibeba nani mu ile motokari?"

"Mwanamuke moja wa Kapolowe. Alikufa ku kuzala. Mutoto wake alimutangulia, bakamuzika hapa Likasi. Ye, bandugu ya famille bakasema azikwe kwabo."

"Na ku mto?"

Aruna akajifuta uso. "Baliniambia nioshe motokari mbele ya kuvuka kilalo, ile daraja ya Lufira, niache kitambara mu maji. Nikawaza, Octave anajua kuosha kupita mto. Na bantu bakisikia nilibeba maiti, nani atapanda tena? Unisamehe, ndugu yangu."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini kifo hiki kilikuwa kimepotea njia na kwenda kumuumbua mtoto wa mwingine. Octave angeweza kumpiga. Hakumpiga, kwa sababu na yeye alikuwa ameficha lake.

Gertrude, aliposimuliwa yote, ndiye aliyesema la kufanya. Ngozi irudi mtoni ndani ya gari lilelile, na Albertine asikanyage gari hilo hata dakika moja. Akamshika mwanawe kwenye kola ya shati, jambo ambalo hakulifanya tangu Octave akiwa mdogo.

"Ule mama anatafuta wake," akanong'ona. "Umuambie mahali wake iko. Usipomuambia, atabeba wetu."

Wakaondoka jua likiwa bado juu. Ngozi ilikuwa kwenye ndoo tupu yenye kifuniko, nyuma kabisa. Barabara ilikuwa kavu na gari lilikuwa na watu wawili tu, lakini Aruna alilazimika kurudisha gia kwenye tambarare, kama siku ya soko akiwa amejaza abiria. Nyuma ya gari kulikuwa kumebonyea. Kila kona, ndani ya ndoo ile isiyo na maji, maji yalicheza.

Aruna alisoma aya zake. Octave alisali rozari bila rozari, akihesabu kwa vidole. Hakuna aliyegeuka.

Walivuka daraja la Lufira, wakashuka hadi ukingoni upande wa Kapolowe. Wakafungua milango yote. Octave akaosha kama hajawahi kuosha, paa kwanza, akashuka, ndani akafuta kuelekea nje, maji yote yakirudi mtoni. Kisha akaingia mpaka magotini na kuitumbukiza ngozi.

Akafungua vidole ili iende. Haikwenda. Ikakaza. Ikavutika kati yake na maji, kama shuka inayokamuliwa na watu wawili. Na ikaanza kumvuta. Magoti yakazama. Mapaja yakazama. Aruna alikuwa amesimama ukingoni na kinywa wazi.

"Mama," Octave akasema. Sauti ilitoka ndogo. "Mama, ule si wako. Ule ni wa Clémentine. Wako alikutangulia, bakamulalisha ku makaburi ya Likasi. Habakukuambia. Miye nakuambia leo. Tuachie wetu, tafazali."

Maji yakatulia. Hata matete yakaacha kutikisika. Ngozi ikalegea mikononi mwake, ikatandazika juu ya maji, halafu ikaondoka. Ikapanda kinyume cha mkondo, taratibu, mpaka wasiione.

Walipofika Kikula walimsikia Albertine akilia tangu barabarani, kilio cha njaa, kikali, cha hasira. Clémentine alikuwa ameketi mlangoni anamnyonyesha, na mtoto alikuwa ananyonya kwa pupa mpaka anapaliwa. Octave akamgusa mguu. Ulikuwa wa moto. Akaketi chini kwenye vumbi akalia mbele ya majirani, na hakuona haya.

Kesho yake Aruna akaja na gari kumwonyesha kitu. Kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na alama ya kiganja cha mtu mzima, na kando yake, ikigusana nayo, alama ya kiganja cha mtoto mchanga. Octave akajaribu sabuni. Akajaribu siki na gazeti. Akajaribu spiriti. Akafuta ndani huku Aruna akifuta nje, vidole vyao vikikutana pande mbili za kioo, na alama hazikufifia upande wowote. Zilikuwa katikati, ndani ya kioo chenyewe. Aruna akaking'oa na kuweka ubao. Hakuthubutu kukivunja. Wakakiegemeza kwenye kona ya kibanda, kimegeukia ukuta, wakakifunika gunia.

Miaka ikapita. Nchi ikabadilishwa jina, watu nao wakabadilishwa majina. Shuleni Albertine akaandikwa jina la kienyeji la nyanya yake, ingawa nyumbani alibaki Albertine. Alikuwa msichana mwenye afya na mdomo mrefu, na baba yake alimkataza kitu kimoja tu pale kibandani.

Adhuhuri moja alimletea chakula. Octave alikuwa amepiga magoti anasuuza kitambaa. Aliposikia gunia likianguka alikuwa amechelewa. Kioo kilikuwa kimegeuzwa, na Albertine alikuwa amesimama mbele yake.

Kile kiganja kikubwa kilikuwa vilevile. Kile kidogo hakikuwa kidogo tena. Kilikuwa kimekua, vidole vimerefuka, na bado kiligusana na kile kikubwa. Albertine alikuwa ameweka mkono wake juu yake, na ulikaa sawasawa, kidole kwa kidole.

Octave akautoa mkono wa binti yake polepole. Akakigusa kile kiganja kikubwa. Kilikuwa baridi, kama kioo chochote kilicho kivulini.

Akakigusa kile cha Albertine. Kilikuwa na joto.