Sheria za Aubin

Kila siku baada ya masomo, watoto watatu wa mtaa wa Ndosho walikutana kwenye karakana ya Papa Kambere, fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Walikalia magogo wakacheza sataranji kwa kete alizowachongea kwa mabaki ya mbao. Desturi yao ilikuwa hii: aliyeshindwa alibeba bidoni, madumu ya maji, za wote kutoka bombani.

Wiki hiyo ilikuwa na jambo kubwa. Mtoto ambaye angeshinda mara nyingi zaidi angekwenda Munigi Jumamosi kushindana na watoto wa huko. Héritière, aliyehamia kutoka Masisi mwaka uliopita, aliitamani sana safari hiyo. Aubin naye aliitamani. Jumatatu Héritière alimfunga Aubin mbele ya Jolie, mwenzao wa tatu, na Aubin akabeba maji.

Jumanne Aubin alikuja na sheria mpya.

"Leo malkia mweusi anakwenda hatua moja tu."

"Mbona mweusi peke yake?" Héritière aliuliza.

"Nimeitangaza mbele ya shahidi. Jolie, si umesikia?"

"Nimesikia," Jolie alijibu huku akicheka.

Kete nyeusi zilikuwa za Héritière siku zote. Walimpa siku aliyofika, wakisema zinafanana na miguu yake yenye tope la safari. Basi akashindwa. Jumatano ngome nyeusi zikakatazwa kurudi nyuma. Alhamisi farasi weusi wakatolewa kabisa, eti wamekufa njaa. Kila siku Héritière alibeba bidoni tatu, mbili mikononi na moja mgongoni, na Aubin alimfuata nyuma.

"Punda wa Masisi, kaza mwendo!"

Alhamisi hiyo aliteleza kwenye mawe ya lava. Bidoni ikapasuka, goti likachanika. Wenzake walicheka hadi wakashika mbavu. Hakuna aliyempa mkono.

Ijumaa Papa Kambere aliliona lile goti, akauliza, na Héritière akamweleza yote. Aubin akadakia kwa majivuno, "Ni mchezo tu, Papa. Miye natunga sheria. Naweza kutunga bila mwisho! Farasi aruke miraba tisa, kesho kumi, kesho kutwa mia."

"Ubao una miraba mingapi upande mmoja?"

"Minane."

"Basi farasi wa tisa na farasi wa mia wote wanaanguka chini. Maneno ni mawili, sheria ni ileile. Na hizi za wiki hii, ni za haki?"

"Za haki kabisa."

"Unazikubali zote?"

"Zote, Papa."

"Vizuri. Hapa kwangu kijana mmoja akipasua gogo vipande viwili, mwenzake ndiye anayechagua kipande. Kwa sheria hizi, wewe ndiye uliyepasua. Héritière, chagua rangi."

Héritière alizivuta kete nyeupe upande wake, polepole.

Aubin alicheza bila farasi, malkia wake akijikokota, ngome zake zisiweze kurudi kumlinda mfalme. Kabla hata jasho halijamtoka, alikuwa amefungwa. Akaanza kulia. "Papa, turudie kwa sheria za kawaida!"

"Héritière alipewa lini nafasi ya kurudia?"

Aubin alizibeba bidoni tatu, pamoja na ile ya jana iliyozibwa ufa. Jolie akapiga kelele, "Punda wa Ndosho!" Papa Kambere akamgeukia.

"Na wewe shahidi, ya kwako ibebe mwenyewe. Jana ulicheka hivyohivyo."

Waliporudi wakiwa wamelowa, Papa Kambere aliwakalisha.

"Michezo ya siku tatu haihesabiki. Héritière atakwenda Munigi. Sheria za kweli ni nyingi, wanangu, na mkipanua ubao zitaongezeka tena, sijui mwisho wake. Lakini zako, Aubin, hata ungetunga elfu, zote ni sheria moja: Héritière ashindwe. Ukitaka kujua kama sheria ina maana, kaa kwanza upande wa mwenzako. Ukiona huwezi kucheza pale, hujatunga mchezo. Umemtesa mtu."

Aubin aliinama. Héritière alikuwa anapanga kete, nyeupe kwa nyeusi, zote kamili, na farasi wote wanne.