Bomba Lililovishwa Kofia

Sogeeni karibu. Na wewe wa nyuma, sogea. Hadithi hii ni ya choo, kwa hiyo anayetaka kucheka acheke sasa, amalize kabisa.

Mmemaliza? Haya.

Siwema alikuwa na miaka sita. Alikaa Morogoro, chini ya mlima, yeye na Mama na Baba.

Siku moja Mama alipigiwa simu. Bibi mzaa Mama anakuja kutoka Matombo! Atakaa likizo nzima.

Siwema aliruka mpaka kandambili zikamtoka.

Baba hakuruka. Baba alishtuka. Mama mkwe anakuja, na nyumba iko hivi hivi?

Basi Baba akanunua rangi. Akapaka ukuta wa mbele, pwaa, pwaa. Akapaka ukuta wa nyuma, pwaa, pwaa, pwaa.

Nyuma ya nyumba palikuwa na bomba refu. Lilitoka chini, kwenye choo, likapanda ukuta mpaka juu ya bati. Mdomo wake ulikuwa wazi, unatazama mawingu.

"Baba," Siwema akasema, "bomba hili halina kofia. Mvua itaingia."

Baba akaona kweli, mtoto ana akili. Akachukua kopo tupu la rangi, akapanda ngazi, akalivisha bomba kofia. Tap! Likakaa sawasawa.

Wakasimama wote wawili wakalitazama. Jamani, lilipendeza kama askari wa gwaride.

Bibi akaja siku ya Jumatatu. Alikuja na begi moja, na kapu la magimbi.

"Shikamoo, Bibi," Siwema akasema.

"Marahaba, mke mwenzangu."

Ndivyo Bibi alivyomwita siku zote, kwa utani. Eti wote wawili ni wake wa Babu.

Wakalala kitanda kimoja. Bibi akamsuka Siwema nywele. Akampa hadithi ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Siwema hakuwahi kufurahi hivyo.

Lakini Jumanne, Siwema akaenda chooni. Akavuta maji.

Glo, glo, glo! Choo kikanung'unika.
Siwema akaziba pua, akatoka mbio.

Maji yalipanda kwanza, yakakaa, ndipo yakashuka polepole. Na harufu je? Weee! Tusiiseme.

Jumatano, Mama akaosha bafu kwa sabuni. Akasugua, akasuuza. Akavuta maji.

Glo, glo, glo! Choo kikanung'unika.
Mama akaziba pua, akatoka mbio.

Alhamisi asubuhi, Bibi akaanza kupanga nguo kwenye begi lake.

Mama akauliza kulikoni. Bibi akasema amewakumbuka kuku wake tu. Baba akauliza kama amemkosea mama mkwe wake. Bibi akasema hapana, hapana, ni kuku tu.

Siwema akaingia chumbani, akashika mpini wa begi. Alikuwa anataka kulia.

"Bibi, kuku wanakuhitaji kuliko mimi?"

Bibi akafunga mlango. Akainama mpaka kwenye sikio la Siwema.

"Si kuku, mke mwenzangu. Ni choo. Harufu ile inanikaba, silali. Lakini mimi na baba yako ni wakwe. Wakwe hawazungumzi habari za choo, ni aibu. Na wewe usiniseme."

Siwema akaahidi. Kisha akaingia chini ya kitanda, akalia kimya kimya.

Baba naye hakuwa kiziwi. Alisikia lile glo, glo, glo. Akamwita Fundi Mkude.

Fundi Mkude akafunua shimo la choo, akachungulia. Shimo halikujaa. Akaingiza waya mrefu kwenye bomba la chini, akasukuma, krii, krii, krii. Hakuna kilichokwama.

Fundi akaingia ndani, akavuta maji.

Glo, glo, glo! Choo kikanung'unika.
Fundi akaziba pua, akatoka mbio. Fundi mzima!

Akakuna kichwa. Baba akakuna chake.

Begi la Bibi lilikuwa tayari mlangoni. Lakini Bibi akasema fundi haondoki nyumbani kwa mtu bila chai. Akainjika chai ya mwisho.

Akachukua kopo la maziwa, msumari na jiwe. Ko! Akatoboa tundu moja. Akampa Siwema amimine.

Siwema akaliinamisha kopo. Glo. Tone moja. Glo. Tone jingine. Glo. Kisha kimya.

Siwema akaganda. Sauti hiyo aliijua.

"Bibi, kopo linanung'unika."

Bibi akacheka. Akasema alikuwa na mawazo mengi, amesahau kutoboa tundu la pili. Akalitoboa. Ko!

"Tundu moja la maziwa, moja la hewa," Bibi akasema. "Hewa isipoingia, maziwa hayatoki."

Siwema akaliinamisha kopo tena. Chururururu! Maziwa yakamiminika mpaka yakazidi.

Lakini Siwema hakutazama maziwa. Aliwaza tundu la hewa. Akawaza bomba refu nyuma ya nyumba. Akawaza kofia.

Moyo ukamwenda mbio. Ile kofia aliitaka yeye.

Akaweka kopo chini, akatoka mpaka uani.

"Baba, livue bomba kofia," akasema. "Choo hakipati hewa."

Baba akatazama juu. Fundi Mkude akatazama juu. Tangu asubuhi fundi alikuwa anatazama chini tu, shimoni. Sasa akaliona lile kopo, akajishika kiuno.

Akauliza ni nani aliyeliziba bomba la hewa.

"Mimi ndiye niliyesema," Siwema akajibu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na mimi ndiye niliyepanda," Baba akasema. Yake ilikuwa ndogo zaidi.

Fundi akapanda ngazi. Akavuta kopo. Lilikuwa limeganda kwa rangi. Akavuta, akavuta, akavuta tena. Pop!

Siwema akakimbia chooni. Mama akamfuata. Siwema akafumba macho, akavuta maji.

Shwaaaa!

Maji yakaenda moja kwa moja. Hakuna aliyenung'unika. Hakuna aliyekimbia.

"Alhamdulillahi," Mama akasema, akakaa chini pale pale mlangoni.

Fundi Mkude akaeleza. Bomba lile ndilo pua ya choo. Maji yakishuka, choo kinavuta hewa. Harufu nayo inapanda juu, inatokea nje, inaondoka zake. Ukiliziba, harufu itapita wapi? Itaingia ndani kwenu.

Siwema akauliza, je, likibaki wazi, ndege hatajenga kiota humo?

Fundi akasema hilo ni swali la fundi mwenzake. Ndege hujenga, majani nayo huingia, na bomba huziba vile vile. Akakata kipande cha wavu wa waya, akakifunga kwenye mdomo wa bomba, akakaza.

Hewa inapita. Ndege hapiti. Jani halipiti. Na mvua ikiingia, inashuka shimoni tu.

Akamwambia Baba atazame wavu kabla ya kila masika, auondolee majani. Baba akasema atautazama. Siwema akasema yeye atamkumbusha.

Sasa harufu ikaanza kupungua. Kidogo. Kidogo tena. Mama akafungua dirisha la bafu. Mpaka adhuhuri, ikawa imekwisha.

Bibi akachukua kanga yake, akaingia bafuni kuoga. Siwema akasubiri nje ya mlango. Alitamani kumwambia, lakini Baba alikuwa karibu, na ahadi ni ahadi.

Shwaaaa! Maji yakaenda.

Bibi akatoka. Hakuziba pua.

Baba akamsogelea kwa adabu, macho chini. Akasema gari la Matombo linakaribia kuondoka. Je, ambebee begi?

Siwema akashika mkono wa Bibi, akaukaza.

Bibi akatazama begi. Akamtazama Siwema.

"Kuku wangu wana jirani," Bibi akasema. "Na jirani ana mahindi. Begi lirudisheni ndani."

Siwema akalibeba mwenyewe, zito vile, akilikokota sakafuni, kru, kru, kru. Baba akaketi kwenye ngazi, akashusha pumzi ndefu. Na habari za choo? Wakwe wale hawakuzitaja, siku hiyo wala siku nyingine.

Jioni ikafika. Siwema akapanda kitandani. Bibi akapanda naye, akajifunika kanga, akaanza hadithi.

Hadithi haikufika hata katikati. Bibi alikuwa hajalala vizuri siku tatu. Usingizi ukamchukua pale pale.

Khorrr, fyuuu. Khorrr, fyuuu.

Siwema hakumwamsha. Alijisogeza, akaweka kichwa kwenye mkono wa Bibi.

Khorrr, fyuuu.

Bibi alikuwa hapa. Kesho pia atakuwa hapa. Siwema akafumba macho.

Na wewe sasa, fumba ya kwako.