Fyuzi Yenye Nukta Nyekundu

Saa tatu za asubuhi, siku ya pili tangu atoke edani, Bi Mwatum aligundua kwamba sauti ya mumewe imeibwa.

Gari lilikuwa limeshaoshwa. Lilisimama mbele ya nyumba yake Madungu, jeupe, likichuruzika maji, na Silima muosha magari alikuwa kainama pembeni akikamua kitambaa. Mwatum alikuwa amelisubiri lioshwe kwanza, kwa sababu hakutaka kumsikia Ahmada ndani ya vumbi. Akaketi kwenye siti ya dereva, akafunga mlango, akazungusha ufunguo hatua moja tu. Taa za dashibodi zikawaka. Redio haikuwaka. Akapeleka kidole pale ilipokaa flashi ndogo nyeusi tangu mwaka juzi, na kidole kikakuta tundu tupu.

Alikaa hivyo kwa muda, kidole tunduni, kama mtu anayeziba maji yasivuje.

Mle ndani ya flashi ndimo alimobaki Ahmada. Alikuwa msomaji wa kasida na muadhini wa msikiti wa mtaani. Ijumaa moja, wakiosha gari, aliweka simu juu ya boneti akajirekodi, kasida tatu, kisha adhana. Akasahau kuzima, na yote yakahamishiwa kwenye flashi vivyo hivyo. Ndiyo maana baada ya adhana husikika maji yakimwagika, kisha sauti yake tena, safari hii si ya kasida, ni sauti ya nyumbani: "Mwatum! Ndoo ya pili!" Simu ile iliuzwa zamani. Picha zipo na kanzu zipo, lakini sauti ilikuwa hiyo moja tu. Miezi minne na siku kumi Mwatum alikaa ndani, bila udi, bila wanja, na banda la gari liko ng'ambo ya njia, akilitazama kwa dirishani. Kila magharibi alijiambia, nikitoka nitakwenda kumsikia.

"Silima, hebu njoo."

Silima akaja akijifuta mikono.

"Hapa redioni palikuwa na kitu kidogo cheusi. Umekiona?"

"Redio sikuigusa, Bi Mwatum."

"Nakuuliza kama umekiona."

Silima akaiweka ndoo chini. "Sasa ndo n'naulizwa wizi? Mie n'naosha magari, sioshi mifuko ya watu!" Akaigeuza mifuko yake mmoja mmoja. Zikatoka funguo, kibiriti na peremende mbili zilizogandana. "Haya, chukua. Peremende za wizi hizo."

"Rudisha peremende zako. Sijakwita mwizi. Nambie ulivyofanya kazi, tangu mwanzo."

Silima akapoa kidogo. "Nimeanzia juu, kama alivyotaka marehemu. Paa, vioo, boneti, chini mwisho. Ndoo ya kwanza sabuni, ndoo ya pili maji safi ya kusuuzia kitambaa, kisirudi na mchanga kikakwaruza rangi. Ndani nimefuta kwa kitambaa kilichokamuliwa. Dashibodi sikuirushia maji hata tone. Marehemu alishanifokea siku moja kwa hilo, mpaka leo masikio yananiuma."

"Na chini?"

"Chini ndo kazi ilikuwa. Tope jekundu limekauka kwenye matairi mpaka nyuma ya bampa. N'kajiuliza, gari lililolala bandani, tope hili limelitoa wapi?"

"Jingine?"

"Harufu. Siti ya nyuma inanuka mvuje. N'kajua umeuweka mwenyewe, kuzuia macho ya watu. Nikaacha vioo wazi. Kama nimeharibu dawa yako, nisamehe."

Mwatum hakuweka mvuje. Mara ya mwisho kuununua ilikuwa miaka mingi nyuma, alipokwenda kumtazama jirani aliyejifungua.

Akamlipa Silima, akamtaka radhi, akarudi garini. Ufunguo mmoja alikuwa nao yeye, wa pili alikuwa nao Haitham, mdogo wake Ahmada, ambaye alikuja kila Ijumaa kuliwasha gari na kulizungusha kidogo, betri isife na matairi yasilale. Ni nani mwingine angeitaka sauti ile? Rahila wa Konde, mke mwenza? Rahila naye alifiwa siku ileile, naye alikuwa edani, haendi popote. Mwatum hakumpenda wala hakumchukia. Hakuwa amempa nafasi ya lolote kati ya hayo. Lakini katika miezi ile alipata faraja moja ya siri, kwamba yuko mwanamke mwingine aliyefungiwa kwa ajili ya mtu yuleyule, na siku zao zitakwisha pamoja.

Akainama chini ya usukani, akafungua kifuniko cha sanduku la fyuzi.

Kazi hiyo aliijua kwa sababu ya macho ya Ahmada. Yalipoanza kufifia alimwita mkewe amsomee tarakimu zilizochapwa juu ya fyuzi. Nyekundu kumi, buluu kumi na tano, njano ishirini. "Usitie kubwa kuliko ilivyoandikwa," alizoea kusema. "Fyuzi ni mlinzi. Bora afe yeye kuliko gari liungue." Mwishowe Mwatum alichoka kuitwa kila mara, akachukua rangi yake ya kucha, akaitia fyuzi ya redio nukta nyekundu. Ahmada alicheka sana. "Sasa fyuzi yangu imekuwa biarusi!"

Mahali pa redio palikuwa tupu. Biarusi alikuwa amehamia mahali pengine, kwenye tundu la kuchajia simu. Na fyuzi halali ya tundu lile ilikuwa imelala ndani ya kifuniko, kiwaya chake kimekatika, plastiki yake imeungua ikawa nyeusi.

Mwatum akaishika kiganjani. Kwa hiyo hakuna mwizi aliyevunja kitu. Mtu alitaka kuchaji simu ndani ya gari, akakuta fyuzi ya chaji imekufa, akang'oa ya redio yenye nguvu sawa. Alijua anachofanya. Na alikuwa na haraka, maana hakukumbuka kuirudisha.

Haitham alikuja baada ya alasiri, kapeleka kofia nyuma ya kichwa kama kawaida yake anapokuwa na wasiwasi. Mwatum alimkaribisha barazani, akampa chai, akamwacha aimalize.

"Shemeji, Ijumaa ulikuwa unalifikisha wapi gari?"

"Kituo cha mafuta, narudi. Si ulikuwa unanisikia?"

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa."

"Iko Ijumaa ulirudi adhuhuri imeshapita."

"Ile nilipata pancha. Nilikwambia."

"Uliniambia." Mwatum akafungua kiganja. "Na hii je? Hii ndiyo ya tundu la chaji, imekufa. Na ya redio imekaa mahali pake. Kutoka hapa mpaka kituo cha mafuta simu inachajiwa ya nini, Haitham? Na tope jekundu la kituo gani, kilichotiwa lami mpaka mlangoni?"

Haitham akatazama kikombe.

"Umeliuza gari? Mnunuzi alikuja kulijaribu?"

"Wallahi shemeji, sijaliuza! Niliuzeje, na mirathi haijagawiwa?"

"Na kwa nini haijagawiwa?"

"Shehe kasema tungoje."

"Nilidhani mnaningoja mie nitoke eda. Nimetoka. Mnamngoja nani tena?"

Haitham akaivuta kofia mbele. "Uliniapisha, shemeji," alisema taratibu. "Siku ya tatu ya tanga. Ulisema habari za Konde zisivuke kizingiti hiki. Ukatuapisha mie na wote waliokuwapo. Watu wamekuheshimu."

Ni kweli aliapisha. Alikuwa na haki ya kuomba kitu kimoja siku ile, akaomba hicho. Sasa vitu vikaanza kujipanga mbele yake, na hakupenda mpango wake. Nyama ya mbuzi aliyoletewa na Haitham bila sikukuu wala hitima, akaila bila kuuliza. Mvuje, unaofungwa kwenye kitambaa na kuvalishwa mtoto mchanga. Shehe anayezuia mirathi. Hagawi shehe mirathi wakati mrithi mmoja bado yumo tumboni, wala haharakishi mama akiwa ndiyo kwanza kajifungua. Na Ahmada mwenyewe, wiki za mwisho, aliyeanza mara mbili, "Mwatum, nina neno," na mara mbili akaishia kuulizia chumvi.

"Ile nyama ilikuwa ya akika, ya mtoto aliyezaliwa," alisema.

Haitham akakitua kikombe.

"Basi Rahila hakukaa edani kama mie. Mwenye mimba eda yake huisha siku anapojifungua." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililomtisha Haitham. "Alishatoka zamani. Mie n'nahesabu siku zetu pamoja, kumbe nahesabu peke yangu. Simama, twende."

"Wapi?"

"Konde. Nitaendesha mie. Weye umeshaendesha vya kutosha."

Wakaondoka. Gari lilinuka sabuni, na nyuma yake, mbali kidogo, mvuje. Walipopita maduka ya Konde Haitham alimwonyesha kichochoro, na matairi yakaingia kwenye tope jekundu.

Rahila alikuwa uani akianua nepi. Alipoliona gari alisimama na nepi mkononi. Alikuwa mdogo kuliko Mwatum alivyomfikiria, na amekonda.

"Karibu, dada."

"Nishakaribia. Nimefuata flashi."

Haitham akaanza, "Rahila, mie sikusema kitu, kaona mwenyewe kwenye fyuz..."

"Shemeji, nyamaza," walisema wanawake wote wawili.

Rahila hakukana. Akafungua pindo la kanga yake, akaitoa. Ilikuwa imeviringwa kwenye kipande cha kitambaa safi. Lakini hakuinyoosha kumpa.

"Uchungu ulinishika asubuhi ya Ijumaa ile, na mama alikuwa mazikoni Wete. Nikampigia Haitham, akaja na gari. Alipoliwasha hapo mlangoni redio ikajiwasha yenyewe." Akaitazama flashi. "Akaanza kusoma, dada. Mie sikujua kama kuna kitu kama hicho. Nilikuwa nimelala siti ya nyuma nikamsikia mbele, kama anaendesha yeye. Nikasema basi, hata nikifa."

"Kisha?"

"Simu yangu ikazima, chaji imekwisha. Mama hajui tunapelekwa hospitali gani. Haitham akasimamisha gari njiani, akachokoachokoa, akang'oa fyuzi, na Ahmada akakatika katikati ya kasida. Nililia kuliko uchungu wenyewe. Tulipofika nikaichomoa."

"Ukaiba."

"Nikaiba." Rahila alilisema neno hilo bila kuinamisha kichwa. "Haitham alimwadhinia mtoto, sheria imetimia. Lakini nilimwekea na ya babake, sikio la kulia, kwa redio ya jirani. Ndiyo maana niliichukua. Nikasema nitairudisha kesho. Kesho mtoto akalia, nikamwekea, akanyamaza. Kesho yake vivyo hivyo."

"Si ungetoa nakala! Maduka yote haya."

"Yule wa dukani aliniambia flashi mbili zimewahi kumfutikia akitoa nakala. Nikaogopa."

"Basi ungeniomba."

"Kwa mdomo gani, dada? Habari za Konde hazivuki kizingiti chako."

Ndani ya nyumba mtoto akalia. Rahila akaingia, akatoka naye kifuani, mkono umefungwa kile kitambaa cha mvuje, nyusi zimepakwa wanja.

"Nani jina lake?"

Rahila akamfunika mtoto vizuri kwanza. "Yumna."

Mwatum akashika mlango wa gari. Jina hilo walilichagua yeye na Ahmada wakiishi chumba kimoja cha kupanga, kwa mtoto ambaye Mungu hakuwajaalia. Halikuwahi kutamkwa mbele ya mtu.

"Alilitaka yeye," Rahila alisema haraka. "Lakini alinambia lina mwenyewe. Akasema atakuomba weye kwanza, ukikataa tutafute jingine. Sijui kama alikuomba. Nilipojifungua sikuwa na wa kumuuliza."

Mara mbili aliulizia chumvi, na chumvi ilikuwepo mezani.

"Alijaribu," alisema Mwatum.

Akainama chini ya usukani. Akaing'oa fyuzi yenye nukta nyekundu kutoka kwenye tundu la chaji, akaipuliza vumbi, akaisukuma mahali pake mpaka ikalia. Kisha akanyoosha kiganja, na Rahila akamwekea flashi.

"Kesho tutakwenda kwa huyo wa dukani pamoja, na nitamsimamia kichwani mpaka nakala itoke. Leo ingia."

Rahila akaenda mlango wa nyuma, alipozoea kukaa na mtoto.

"Mbele," alisema Mwatum. "Nyuma husikii vizuri."

Haitham alibaki nje, kavua kofia. Ufunguo hatua moja. Redio ikawaka, na Ahmada akasoma, kasida ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipoadhini, mtoto alinyamaza, macho yamemtoka. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Adhana ikaisha, na Rahila, ambaye siku zote alizima hapo, akanyoosha mkono.

"Wacha," alisema Mwatum.

Maji yakamwagika. Kitambaa kikasugua bati. Mtu akakohoa, akavuta pumzi.

"Mwatum! Ndoo ya pili!"

"Naja!" alisema Mwatum, kwa sauti kubwa, na mguu wake ulikuwa umeshatoka nje ya mlango. Ndipo redioni, punde kidogo, sauti yake mwenyewe ya mwaka juzi nayo ikaitika.